Siku saba katika kibanda



Vakansi kubwa zimefika, na watoto wanatuuliza tutaenda wapi. Tulipokuwa watoto sisi wenyewe, jibu lilijulikana. Mwezi wa saba wazazi walifunga nyumba, wakamwachia jirani ufunguo na kuku, tukashika njia ya Manguredjipa hadi shambani. Hema la watalii hatukulijua. Tulikuwa na kibanda cha miti na majani, na mikeka minne kwa watu tisa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ugomvi. Kuni mbichi, moshi machoni, na bugali uliiva tukiwa tumekwisha kusinzia. Nani amesahau chumvi? Kila mwaka kulikuwa na mtu aliyesahau chumvi, na kila mwaka hakuna aliyekubali. Usiku mvua ilipata tundu moja tu, na tundu hilo lilikuwa juu ya baba.

Kufika siku ya tatu, haraka ilikuwa imetutoka. Telefone ya baba haikupata rezo, akaacha kuitazama. Kuteka maji kulimaliza asubuhi nzima, maana mtoni kulikuwa na kaa wa kutafuta. Baba, ambaye mjini tulimwona vizuri siku ya Mungu tu, alikaa chini akimenya mihogo na kusimulia alivyomchumbia mama. Mama alimsahihisha karibu kila neno.

Katika Walawi sura ya 23, Mungu anawaagiza Waisraeli wakae siku saba katika vibanda kisha mavuno, ili watoto wajue babu zao waliishi namna hiyo walipotoka Misri. Sisi tunafikiri huko pia kuna mtu aliyesahau chumvi.

Leo hatuendi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameharibu eneo la Beni, na kufikia 2024 yalikuwa yamefika hata upande wa Manguredjipa. Watoto wetu hawajalala hata usiku mmoja katika kibanda kile. Na wengi waliolima huko wako hapa mjini, wanalala chini ya mabashe. Tusiende kuwaambia kwamba maisha ya kibanda ni matamu. Sisi tulikuwa na ufunguo kwa jirani.

Juma lililopita tulipanga mafiga uani, tukazima telefone, tukaalika mama mmoja aliyekimbia vita na watoto wake wanne. Moto ulitushinda karibu saa nzima. Mama yule alitutazama kwa huruma, akatoa kuni zote, akazipanga upya, akapuliza mara mbili. Ukawaka. Watoto wake na wetu walicheka sana, na hawakutuficha.

Tulipomsimulia habari ya chumvi, akasema kwao aliyekuwa anaisahau ni mume wake. Kisha akanyamaza. Tukanyamaza naye, mpaka bugali ukaiva.