Kutumia, Kuendesha, Kudhibiti: Uteuzi wa Vitenzi Jirani vya Kiingereza

Kamusi nyingi huviweka vitenzi vya Kiingereza "use", "operate", "handle", "manage", "run" na "control" karibu karibu kama visawe, yaani maneno ya maana moja au zinazokaribiana sana, na mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili huukubali mpangilio huo bila kusita, kwa kuwa kitenzi "endesha" humtosha mahali pengi. Mswahili huendesha gari, huendesha duka, huendesha mtambo na huendesha kesi, maadamu katika yote hayo kuna jambo linalofanywa liende. Kiingereza hudai "drive" kwa gari, "run" kwa duka, "operate" kwa mtambo na "conduct" kwa kesi. Inadaiwa hapa kwamba kinachoamua uteuzi huo ni yambwa, yaani nomino inayopokea tendo, pamoja na kazi ambayo kitu hicho kilikusudiwa.

Historia inaeleza sehemu ya tofauti hizo. "Control" ina asili yake katika Kilatini cha Zama za Kati, ambamo "contrarotulus" ilikuwa daftari la pili lililotunzwa ili kuhakiki hesabu za lile la kwanza, na hadi leo kitenzi hicho kina harufu ya ukaguzi na mipaka, kiasi kwamba mtu huweza kudhibiti mafuriko au hasira bila kuvitumia hata kidogo. "Manage" ilitoka katika Kiitaliano, ikihusu kumfunza farasi, na ndiyo maana imebaki na maana ya kumudu jambo gumu. "Wield", iliyokuwa kutawala katika Kiingereza cha kale, sasa huambatana na silaha, zana au mamlaka tu. "Employ" na "exploit" ni ndugu wa shina moja la Kilatini lenye maana ya kukunja, moja ikikunjia ndani na nyingine ikikunjua, ingawa ya pili huwa tuhuma ya unyonyaji pale yambwa yake inapokuwa watu, na si lazima iwe hivyo inapokuwa mgodi. Ama "utilize", George Orwell aliihesabu mwaka 1946 pamoja na "exploit" miongoni mwa maneno ya kujipambia. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi, kwani wataalamu wa lishe wanaposema "utilize" kuhusu mwili na madini ya chuma, wanazungumzia uwezo wa mwili wa kufaidi kile kilichokwisha kuliwa, jambo ambalo "use" hailielezi vizuri.

Hata hivyo, kitenzi kigumu kuliko vyote ni hicho "use" kinachoonekana chepesi, na ushahidi wake umo katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Sheria ya nchi hiyo iliongeza kifungo kwa mtu ambaye, katika kosa la biashara ya dawa za kulevya, "anatumia au anabeba" bunduki, na katika shauri la Smith dhidi ya Marekani, lililoamuliwa mwaka 1993, mshtakiwa alikuwa ametaka kumpa askari kanzu bunduki ya rashasha ili apewe kokeini, kosa ambalo adhabu yake ya nyongeza ilikuwa miaka 30. Majaji 6 kati ya 9, kwa hukumu iliyoandikwa na Sandra Day O'Connor, waliona kuwa kubadilishana nako ni kutumia. Jaji Antonin Scalia alipinga akisema kwamba kutumia chombo, katika mazungumzo ya kawaida, ni kukitumia kwa kazi yake. Kwa mfano wake, anayeulizwa kama anatumia mkongojo haulizwi kama ametundika wa babu yake ukumbini. Katika hoja ya lugha, Scalia ndiye aliyekuwa karibu zaidi na wasemaji.

Mwaka 1995, katika shauri la Bailey, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba silaha iliyohifadhiwa tu haijatumiwa, na Bunge la Marekani likajibu mwaka 1998 kwa kuongeza katika sheria hiyo kitenzi cha kumiliki. Mwaka 2007, katika shauri la Watson, iliamuliwa kwamba anayepokea bunduki kwa kutoa dawa za kulevya hajaitumia, hivyo katika biashara moja mtoaji wa silaha akawa mtumiaji na mpokeaji hakuwa. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliyakubali matokeo, lakini akaandika kwamba angependelea hukumu ya Smith itenguliwe.