Hotuba ya Mwenyekiti: Kidonda cha Mguu Kisingoje Kikao



Hesabu za miaka kumi ameshazisoma mweka hazina, hatuzirudii. Sisi wa uongozi tumeomba dakika chache tuseme habari ya miguu. Msicheke. Mwanamke wa Iringa anaishi kwa miguu yake, na marejesho ya kila wiki yanatoka humo humo.

Tunao wenzetu wanaopanda mlima kutoka Ipogolo kuja sokoni na ndoo ya nyanya kichwani. Utamwona mmoja akifika katikati anasimama, kigimbi kinambana. Akipumzika yanaisha, akianza kutembea yanarudi. Watu husema uzee huo. Wataalamu wanasema mara nyingi ni mishipa ya damu ya miguu imeanza kuziba kwa mafuta. Ni kama mfereji wa kinyungu ulioingia tope: mmea wa mwisho ndio unaokauka kwanza. Kwenye mguu, mmea wa mwisho ni vidole.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wavuta sigara, wenye kisukari, wenye presha na wenye umri mkubwa. Kwa sigara tunawasema zaidi akina baba, wamekaa kule nyuma wanasikia. Mwenye mishipa iliyoziba akiendelea kuvuta, mguu wake uko hatarini. Akiacha, akimeza dawa zake kila siku, na daktari akimruhusu kutembea mpaka paume, apumzike, aendelee, wengi hupata nafuu.

Mwenye kisukari ana shida ya pili: ganzi. Juni na Julai baridi yetu mnaijua, kila mtu anasogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Mwenye ganzi anaungua na hajui. Maji ya moto ayapime kwa kiwiko, au apimiwe na mtoto. Hata panya! Mnajua panya anauma huku anapuliza. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika habari za wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Kwa hiyo kila jioni kagua miguu, hata katikati ya vidole, na kandambili usiende nazo shambani.

Sasa tufike penyewe. Watu wanaogopa hospitali, wanasema ukienda na kidonda wataukata mguu. Wanakaa nyumbani, wanapaka majani, wanapaka dawa ya duka, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Kidonda kisichopata damu hakiponi kwa kupakwa. Siku wanapobebwa kwenda, kidole ni cheusi na uozo umepanda, na kweli mguu unakatwa, na jirani anasema si niliwaambia! Lakini aliyekwenda siku ya pili anapapaswa mapigo juu ya unyayo, anapimwa presha ya mkono na ya kifundo cha mguu zilinganishwe, sukari inashushwa, kidonda kinasafishwa. Ikibidi mishipa izibuliwe, anapewa rufaa. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, inatibu moyo na mishipa ya damu. Ni mbali, kama kilomita 500, lakini basi la kwenda na kurudi halifikii gharama ya mtu mzima kukaa bila mguu, bila biashara, na binti ameacha shule kumhudumia. Na mguu ukiwa baridi ghafla, umepauka na unauma sana, hiyo ni ya saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Tunaleta pendekezo. Mfuko wetu wa jamii unatoa kwa msiba na kwa aliyelazwa. Tunaomba utoe pia kwa kidonda cha mguu, siku hiyo hiyo, bila kungoja kikao cha Alhamisi, na bila riba. Sanduku lina funguo tatu, na wenye funguo wanakaa Kihesa, Mlandege na Ipogolo. Mpaka wakutane, jua limezama. Basi kiasi kidogo kikae kwenye simu ya mweka hazina, na kila kikitumika kiandikwe na kisomwe mbele ya wote. Kiasi gani, semeni ninyi. Katibu yuko tayari na daftari, tupige kura kabla ya chakula.