Uaminifu Mkaguzi Asipokuwepo



Katika zahanati inayotoa chanjo kuna friji, na karibu nayo karatasi ambayo muuguzi huandika kiwango cha joto asubuhi na jioni, wikendi na sikukuu zikiwemo. Friji hiyo inapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Stima ikipotea na hakuna aliyepima, karatasi hiyo bado inaweza kujazwa Ijumaa alasiri, kuanzia Jumatatu, kwa kalamu moja na namba nzuri. Mkaguzi akifika ataona kila kitu kiko sawa. Lakini mtoto atakayeletwa kliniki huenda akadungwa chanjo iliyoharibika, na mama yake hataona tofauti yoyote. Tofauti itajulikana siku surua itakapoingia kijijini.

Hapo ndipo uadilifu wa Mkristo hupimwa, kuliko hata kanisani siku ya Jumapili. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wakolosai, alikemea kazi inayofanywa ili kuwapendeza wakubwa wanapotazama. Kwake, kila kazi ya halali ni utumishi mbele za Bwana.

Jambo hili haliwahusu wauguzi peke yao. Sokoni, mizani hukaguliwa na kupigwa muhuri mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote hubaki mikononi mwa mwenye duka. Gorogoro iliyobonyezwa chini humpunja zaidi yule asiyeweza kununua gunia. Ofisini, koti lililoachwa kwenye kiti hudai kwamba mwenyewe yupo, huku mzee aliyetoka mbali kwa nauli yake akingoja kwenye benchi. Fundi anayepunguza simiti naye anajua kwamba plasta itafunika kila kitu.

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, kinasimulia jinsi Mfalme Yoashi alivyowaagiza makuhani watumie fedha za sadaka kukarabati hekalu. Kufikia mwaka wa 23 wa utawala wake, fedha zilikuwa zimepokelewa lakini nyufa hazijazibwa. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku na kuliweka karibu na madhabahu. Fedha zilihesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, kisha zikatolewa kwa ajili ya maseremala, waashi na wachonga mawe. Waliokabidhiwa fedha hizo kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, cheo cha dini hakichukui nafasi ya utaratibu. Hata hekaluni palihitajika sanduku na wahesabu wawili. Pili, utaratibu peke yake hauzibi ufa. Mwishowe fedha hufika mikononi mwa mtu asiyetazamwa na yeyote.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 10, inataja uadilifu miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Sura ya Sita inawafunga maafisa wa serikali kwa maadili hayo. Sheria ni muhimu, lakini mara nyingi hufika baada ya hasara. Dhamiri huwepo kabla yake. Wakristo hawako peke yao katika hili: Kurani nayo ina sura inayowakemea wanaopunja vipimo.

Basi, muuguzi aliyekosa kupima na aache nafasi hiyo wazi, aandike sababu, atenge chanjo hizo bila kuzitoa kwenye baridi, na kumjulisha msimamizi. Msimamizi naye asimgombeze anayeleta karatasi yenye pengo, la sivyo atawafundisha wote kujaza uongo. Mfanyabiashara na aihakiki mizani yake bila kungoja mkaguzi. Mkaazi naye asitoe kitu kidogo ili apite foleni, kwa maana hongo huhitaji mtoaji na mpokeaji.

Pengo lililoandikwa kwa ukweli linaweza kumwokoa mtoto. Namba nzuri ya uongo haijawahi kumkinga yeyote na surua.