Kufuli Kabla ya Faini: Adhabu kwa Baa Zinazovunja Masharti ya Leseni Nchelenge

Baa ikikutwa inamuuzia mtoto pombe, au inauza kileo kisichoruhusiwa na leseni yake, jambo la kwanza linalotujia akilini ni faini. Hoja hii inapendekeza kwamba hapa kwenye kituo cha wakimbizi cha Kenani, wilayani Nchelenge, na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Mweru tuanze na kufuli: biashara ifungwe kwa siku zilizotajwa mapema. Sheria ya Leseni za Vileo ya Zambia, Na. 20 ya mwaka 2011, imezikabidhi halmashauri kazi ya kutoa leseni na imekataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Lakini katazo halizidi nguvu ya adhabu yake. Mwenye baa kubwa huilipa faini kwa mapato ya jioni moja, akaihesabu pamoja na kodi ya pango na mafuta ya jenereta, kisha kesho akarudia kosa. Mwenye kibanda akitozwa kiasi hichohicho, mtaji wake wote umekwisha. Siku za kufungwa humgusa kila mmoja kwa kadiri ya biashara yake. Watu wa ziwa hili hawahitaji kufundishwa uzito wa siku zisizo na kazi, kwa kuwa kila mwaka uvuvi husimamishwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na mvuvi, mchuuzi na mchukuzi wote huionja miezi hiyo mitatu.

Njia hii imekwisha kutumika kwingine. Uingereza, chini ya Sheria ya Leseni ya 2003, duka lililowauzia watoto pombe zaidi ya mara moja ndani ya miezi mitatu linaweza kukubali kusitisha mauzo ya pombe kwa saa 48 hadi 336 badala ya kushtakiwa. Kinachonivutia hapo ni kwamba mipaka ya muda imeandikwa katika sheria, wala haikuachiwa ofisa aliyefika mlangoni.

Watasema halmashauri itakosa mapato. Ni kweli, na hasara hiyo afadhali ibebwe, kwa sababu ofisi inayoishi kwa faini huanza kuyahitaji makosa, na faini ya papo kwa papo huteleza upesi ikawa rushwa. Pingamizi zito zaidi ni la akina mama wanaopika katubi au kukeneka lutuku ili watoto wale. Miongoni mwao wamo wakimbizi waliovuka kutoka Kongo tangu 2017, nao hawana duka la kufungwa. Kuwaweka kapu moja na wenye baa ni dhuluma. Pombe ya kienyeji isiyokenekwa, kama katubi, ipewe utaratibu wake mwepesi. Ile ya kukenekwa, kama lutuku, haiwezi kuachwa, maana inaweza kuua, lakini dawa yake ya kwanza ni kumtafutia mpishi riziki nyingine. Hata kileo cha kiwandani kilibanwa kwenye chanzo: Zambia ilipopiga marufuku tujilijili, pombe kali ya vifurushi vidogo vya plastiki, mwaka 2012, na Tanzania pombe ya aina hiyo iitwayo viroba mwaka 2017, zilikibana kifurushi chenyewe kuanzia kiwandani, hazikumsubiri mchuuzi wa mwisho.

Napendekeza siku 3 kwa kosa la kwanza, 14 kwa la pili, na kunyang'anywa leseni kwa la tatu, huku mwenye baa akiwa na haki ya kukata rufaa. Naiomba halmashauri ibandike viwango hivyo kwa Kibemba na Kiswahili kwenye mlango wa kila baa, kabla ya kufuli la kwanza kufungwa.