Kamba ya Kushushia Kwanza: Marekebisho ya Gharama Ndogo kwenye Tanga la Ngalawa



Nimeombwa nizungumzie namna ya kurahisisha kazi ya tanga bila kumaliza pesa za chombo. Nitaanza na jambo ambalo wengi wetu huliacha mwisho, nalo ni kutua. Kutweka tanga hufanywa bandarini, watu wanataniana. Kutua hutakiwa ghafla, wingu limeshafika.

Mimi imenikuta. Ulikuwa msimu wa kusi, tuko wawili, upepo ukatushukia. Nikaachia henza yote nikitegemea foromali ianguke kwa uzito wake. Ikashuka kama dhiraa mbili, ikaganda. Tukaning'inia kwenye tanga lenyewe mpaka likachanika, na ndivyo tulivyopona. Baadaye nikaelewa kwamba henza haikuwa na kosa. Upepo hulisukuma tanga, tanga huikandamiza foromali mlingotini, na kile kitanzi kinachoishikiza foromali kikauma mti.

Dawa yake ni kamba moja nyembamba, ya milimita 6 hivi. Ifunge kwenye foromali pale pale inapofungwa henza, iteremke sambamba na mlingoti, ipite kwenye kijitundu au pete chini, kisha irudi nyuma hadi mkononi mwa mshika kana. Kwa mlingoti wa mita 5, kamba ya mita 8 au 9 yatosha. Ukiachia henza, unavuta hiyo. Tahadhari ni moja tu: kila mkikisi tanga, iangalieni isije ikazunguka mlingoti.

Kitanzi nacho kisaidiwe. Chukua bomba la plastiki la maji la nusu inchi, kata vipande vifupi kama shanga, lainisha kingo kwa msasa, kisha vipitishe kwenye kamba ya kitanzi. Vitabingirika badala ya kukwaruza. Asiye na bomba apake shahamu, ile ile tunayochanganya na chokaa kupata deheni.

Sasa kapi, ambalo najua wengi mmelijia. Ngalawa nyingi hupitisha henza kwenye tundu la mlingoti tu, na msuguano hula nguvu ya mtu. Kapi la juu hupunguza msuguano, halipunguzi uzito. Ukitaka uzito upungue, fanya kama majahazi yafanyavyo kwa jarari: mwisho wa henza ufungwe kapi, jarari ipite humo, ncha yake moja ikazwe chomboni, nyingine uivute. Foromali na tanga bichi vyenye kilo 60 utavivuta kwa nguvu ya kilo 30 na ushei. Malipo yake ni kuvuta kamba mara mbili ya urefu. Lakini angalieni: kamba hiyo hiyo ndefu inapaswa kurudi yote wakati wa kutua, ikipita kwenye kapi, na hapo hukawia. Ndiyo maana nasema asiye na kamba ya kushushia asinunue kapi kwanza.

Kuhusu aina ya kamba, nitasema kwa ufupi. Nailoni hunyumbuka, ni nzuri kwa nanga, mbaya kwa henza. Manila ya dukani, ile ya plastiki inayoelea, ni rahisi lakini jua huila. Ikianza kutoa unga mkononi, ifungie ndoo. Henza inastahili poliesta, hata kama ni kipande kilichotumika.

La mwisho halina gharama kabisa. Utepe wa kaseti kuukuu, vipande viwili vya shibiri moja, vishonwe pande zote mbili za tanga, mkono mmoja kutoka kwenye foromali. Cha goshini kikicheza, vuta demani. Cha demanini kikicheza, legeza. Vijana hujifunza haraka kwa utepe huo kuliko kwa kelele zetu.

Ngalawa ipo hapo ufukweni, imefungwa kila nilichokitaja. Tukishakunywa chai, kila mmoja atatua tanga kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye kana.