Mgongo Unaouma na Uti Usio Imara
Elimu ya afya kwa wakazi wa kata za Mji wa Tunduma



Katika mji wa mpakani kama Tunduma, ambako wengi huishi kwa kupakia na kupakua mizigo, maumivu ya mgongo huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Mara nyingi ndivyo yalivyo. Hata hivyo, yapo maumivu yatokanayo na saratani ya uboho iitwayo mieloma, ambayo hula mifupa, hususan pingili za uti wa mgongo.

Kwa mgonjwa huyo, daktari hutaka kujua iwapo uti bado unaweza kuubeba mwili. Tangu mwaka 2010 upo utaratibu wa alama 0 hadi 18 unaozingatia mambo sita: mahali pingili ilipo, maumivu yanavyobadilika mgonjwa anapoinuka au kulala, namna mfupa ulivyoharibika, kupinda kwa uti, kubonyea kwa pingili, na kuathirika kwa sehemu yake ya nyuma. Alama 0 hadi 6 huonesha uti imara. 7 hadi 12, uti wa mashaka. 13 hadi 18, uti usio imara. Kuanzia alama 7, daktari bingwa wa upasuaji hushirikishwa. Si kila mgonjwa hupasuliwa, kwa kuwa mieloma mara nyingi hupungua kwa dawa na mionzi.

Alama hizo huhitaji picha za CT au MRI, lakini dalili huonekana nyumbani. Maumivu yanayozidi mtu anapoinuka na kutulia anapolala, hasa kwa mtu mzima mwenye uchovu na upungufu wa damu, yafikishwe kituo cha afya mapema. Mgonjwa asichuliwe wala kunyooshwa mgongo kabla ya kupimwa.

Miguu ikilegea, ganzi ikiingia au haja ikishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mgonjwa asafirishwe amelala mahali tambarare, kamwe si kwa bodaboda.

Rufaa huweza kumfikisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Dar es Salaam: Ocean Road kwa mionzi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa upasuaji. Safari hiyo ni ndefu; ni heri ianze mgonjwa angali akitembea kwa miguu yake.