Kuing'arisha Kalamu ya Mpingo

Ndugu zetu, tukishakereza kalamu ya mpingo wengi tunakimbilia vanishi. Ya nini? Mpingo una mafuta yake, vanishi haiushiki vizuri. Mng'ao hutoka kwenye msasa. Tuanze na namba 120, halafu 240, 400, hadi 600. Kabla ya kubadili, tusimamishe mashine, tusugue kwa kufuata urefu wa kalamu, tufute vumbi, tuitazame juani. Mikwaruzo ya msasa uliotangulia ikionekana bado, turudi nyuma, maana nta haiifichi, huionyesha zaidi. Ndipo tupake nta ya nyuki kidogo sana, tusugue kwa kitambaa kikavu. Jamani, mashine ikizunguka, kitambaa tusikifunge kidoleni! Na pua tuzifunike. Vumbi la mpingo huwasha kifua.